Msumari wa Bi Maringo

Saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha kufulia kimeshajaa mvuke. Mwanamke mrefu anatoa shuka jeupe kapuni, anabana pembe zake mbili kwenye msumari uliopigwa ukutani, kisha anarudi nyuma mpaka shuka linanyooka. Wenzake hukunja wawili wawili, wakikutana katikati na kugusana mikono huku soga zikiendelea. Yeye, kwa miaka kumi na mitano, mwenzake alikuwa msumari.

Wanamwita Bi Maringo. Zamani jina hilo lilikuwa la kumsema. Siku hizi ni la utani, na ukimwita anaitika.

"Walidhani nawaona wachafu," anasema, macho yakiwa kwenye pasi, si usoni kwangu. "Mkono wa mtu ukinigusa ghafla, ni kama nimeguswa na hii pasi. Ningeanzia wapi kueleza?"

Malipo ni kwa kila shuka lililokunjwa, na anayekunja peke yake hafikishi hata nusu ya wanachopata wengine. Aliwahi kuugua wiki nzima, na aliporudi hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Niliposikia hilo nilibaki mdomo wazi. Hata paka wa jirani akipotea huulizwa.

Mwaka jana alimsindikiza mdogo wake kliniki. Mdogo mtu alikuwa akimpeleka bintiye, mtoto asiyetaka kuguswa. Daktari akawa anauliza kuhusu mtoto, na mama mkubwa pale kando akawa anajijibu moyoni.

"Sikungoja amalize," anasema. "Nikamwambia, daktari, huyo unayemuuliza ni mimi."

Baada ya kumwona mara kadhaa, daktari alimweleza kuwa ana usonji, yaani ubongo wake hupokea mambo, hata mguso, tofauti na wa wengine, na kwamba amezaliwa nao. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

"Nilicheka peke yangu njiani. Kumbe sikuwa na maringo."

Akawaambia wenzake, kwa ufupi, akiwa amegeukia ukuta. Kesho yake alipofika, msumari haukuwepo.

Alisimama na shuka mkononi. "Nilijua nimefukuzwa. Wameshindwa kuniambia, wameng'oa msumari." Akaliacha shuka sakafuni, akaenda kujifungia kwake.

Aliyeung'oa ni Mama Pacha wa meza ya pili, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Nilipomuuliza alijifunika uso kwa taulo.

"Wema mwingine ni ujinga, ndugu yangu. Nilisema shida yake si tumeshaijua, msumari wa nini tena? Atakunja na mimi. Wala sikumuuliza. Nimemnyang'anya mtu mkongojo, nadhani namfundisha kutembea."

Jioni ile alimfuata nyumbani. Alisimama nje ya dirisha na kuongea taratibu, jambo ambalo pale kazini bado hawaliamini.

"Dada, nimekosa. Msumari huu hapa. Kesho njoo unionyeshe pa kuupiga."

Bi Maringo anasema alishtuka kuliko siku ya daktari. "Nilikuwa sijawahi kufuatwa na mtu."

Asubuhi Mama Pacha alipiga msumari mahali pake. Nyundo ikiwa bado mkononi, akauliza swali ambalo miaka yote hiyo hakuna aliyelifikiria.

"Hebu niambie. Huu msumari una nini ambacho mimi sina?"

"Hausogei."

Sasa siku nyingine Bi Maringo hutumia msumari, siku nyingine humtumia Mama Pacha, ambaye hushika pembe mbili na kutulia tuli. Bi Maringo ndiye anayemwendea, na pembe zikikutana anazidaka kwa vibanio, mikono isigusane. "Kusimama naweza," Mama Pacha anasema. "Kunyamaza ndiyo kazi."

Daktari amemwelekeza Bi Maringo kwenye kikundi cha watu wazima wenye usonji, kinachokutana Jumamosi. Anatamani sana kwenda. Anachoogopa ni mlango, na ukumbi wa watu asiowajua. Mama Pacha ameahidi kwenda naye.

"Atakusaidia nini huko?" namuuliza Bi Maringo.

Anakunja shuka lote kwanza, analiweka juu ya mengine, analinyoosha ukingo.

"Hatasogea," anasema.