Ngome Iliyodharauliwa

Tulikuwa mimi, mwanangu mgongoni, jirani yangu Mama Kirit aliyefukuzwa Kampala pamoja na Wahindi wenzake, na mzee Mwingereza aliyetutembeza kwenye magofu ya ngome kilimani, nje kidogo ya Birmingham. Tangu afike, Mama Kirit alikuwa hajafungua sanduku lake, akisema atarudi kwao.

Mzee alisema baada ya vita vya kale vya wenyewe kwa wenyewe ngome ilikuwa "slighted". Kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi nikatafsiri: "Ilidharauliwa."

"Kama sisi," akasema Mama Kirit.

Mzee akanisahihisha kwa upole: kuta zilibomolewa makusudi, mwenyewe asipate pa kurudi. Nikatafsiri upya.

"Hakuna makosa, dada," akasema Mama Kirit. "Dharau ndiyo hiyo hiyo."

Nilipomtafsiria mzee maneno hayo, alivua kofia, akamshika Mama Kirit mkono mpaka chini ya kilima.

Jioni ile Mama Kirit alitundika nguo zake kabatini.