Kutafuta wa Kuniitikia Amin

Niliondoka Mikindani kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniitikia amin. Binamu yangu Bakari alikuwa amenishtaki kwamba nilichoma majani shambani kwangu Mpapura, moto ukavuka mpaka na kuteketeza mikorosho yake. Aliwaambia polisi kuwa aliniona kwa macho yake nikiwasha. Sikuwasha moto siku ile, lakini neno langu lilikuwa peke yake, na kesi ilikuwa imepangwa Jumatatu. Nikikutwa na hatia, ningefungwa.

Kwetu mtu akipata dhiki huita majirani waje kumsomea dua. Nikapika wali, nikatandika mikeka, nikangoja. Hakuna aliyekuja, maana kila mmoja aliogopa kuhesabiwa wa upande wangu na kuitwa mahakamani. Mke wangu alikuwa ameshakwenda kwao Nanyamba mpaka mambo yatulie. Mimi ni fundi cherehani, na hata nguo nilizokwisha kushona zilining'inia ukutani bila wenyewe kuzifuata. Wali ule niliula peke yangu mpaka ukachacha.

Alhamisi asubuhi nikaamua kwenda Msimbati, kwa Mwalimu Selemani aliyetufundisha Kurani utotoni, mimi na Bakari pamoja. Nilijiambia kwamba yeye akinisomea, hata nikifungwa nitafungwa na moyo uliotulia.

Kutoka Mtwara mjini nilipata lori lililokuwa likipeleka chumvi na sabuni Madimba. Dereva alikuwa mcheshi, akinisimulia habari za mkwewe, nami nikaitika "eeh" na "kumbe" bila kusikia kitu.

Baada ya Madimba ilikuwa miguu tu, na mchanga wa njia ile humla mtu nguvu. Siku hizo ng'ambo ya Ruvuma vita na Wareno vilikuwa vikiendelea, kwa hiyo mgeni hakupita bila kuulizwa. Mgambo mmoja alinisimamisha.

"Wapi hiyo, bwana?"

"Msimbati, kwa Mwalimu Selemani. Natoka Mikindani, nakwenda kusomewa dua."

"Mikindani misikiti yote ile, dua zimewaishia?"

"Dua zipo," nilimwambia. "Watu ndio wameisha."

Alicheka, kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. Akanionyesha njia ya mkato.

Nilifika Alasiri imekwisha. Mkewe Mwalimu, Bi Somoe, alikuwa uani anaanika muhogo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwalimu wako yumo ndani, lakini usitegemee maneno. Kiharusi kimemchukua ulimi. Limebaki neno moja tu."

Nilimkuta amelala kitandani, mdomo umekwenda upande, macho yaleyale makali. Nilipombusu mkono, machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa. Safari yote ile, na msomaji wangu hawezi kusoma! Nikamweleza Bi Somoe shida yangu hadi mwisho.

"Basi soma wewe," akasema. "Yeye ataitikia. Hilo ndilo neno lililobaki."

Niliona haya. Tangu nitoke chuoni kwake nilikuwa nimezoea kusomewa, kama mtu aliyezoea kupikiwa. Nikainua mikono nikaanza dua ya Nabii Yunus, ile tuliyokuwa tukiiimba wote kwa sauti utotoni, ambayo ndani yake mtu hukiri kwamba naye ni miongoni mwa waliokosa. Nikaongeza maneno yangu kwa Kiswahili: naogopa jela, naogopa nyumba yangu ilivyo kimya. Nilipokwisha, Mwalimu alivuta pumzi, shingo ikatetemeka, akasema, "Amin."

Wakati wa chakula Bi Somoe akaniambia, "Mwenzio Bakari kaja hapa juma lililopita. Na yeye pia Mwalimu kamwitikia."

Nililirudisha tonge sahanini. Nilihisi nimeibiwa hata amin yangu.

"Kaomba nini?"

"Kaanza dua hiyohiyo. Kafika pale pa kukiri makosa, kashindwa kuendelea. Kalia tu. Kasema watu wamemkimbia, wanaogopa kuitwa kutoa ushahidi."

Kumbe na kwake mikeka ilitandikwa bure.

Ijumaa nilirudi kwa njia ileile. Nilipokuwa nikivuta miguu mchangani nilimwona Bakari akilini akiivuta vilevile, peke yake. Nilitaka kumchukia sawasawa kama siku zilizotangulia. Chuki ilikuja, ila nusu.

Jumatatu tulikuta benchi moja tu nje ya mahakama ya Mtwara. Bakari akakaa huku, mimi kule. Alikuwa amekonda. Baada ya muda niliona amefungua viganja mapajani na midomo inacheza. Dua ile naijua hata kwa kuitazama. Alipofika pale pa kukiri, midomo ikasimama. Nikangoja. Kisha ikaendelea mpaka mwisho.

"Amin," nikasema.

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Hatukuwa tumesemeshana tangu siku ya moto.

"Soma na wewe," akasema.

Nikaanza. Karani akatoka akaita majina yetu, akayaita tena kwa ukali. Bakari hakuinuka. Alingoja nimalize, akaniitikia, ndipo tukaingia.

Hakimu alimtaka aeleze alichokiona. Bakari alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Moshi niliuona, mheshimiwa," akasema. "Mtu sikumwona."

Nilikwenda hadi Msimbati kutafuta wa kunisomea, nikajifunza kuitikia. Siku ile Bakari alikaripiwa sana na hakimu, nami nikaachiwa. Nje hapakuwa na mtu aliyetungoja, si mimi wala yeye. Tukashika njia ya Mikindani kwa miguu, tukiwa wawili.