Betri Mbili za Swafwan

Simu ililia Raihana akiwa anafunga mkoba. Jua lilikuwa halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Langoni, na ndani ya mkoba ule alikuwa amekwisha kutia kanga mpya, msahafu wake mdogo na kopo la achari ya maembe aliyoipenda ndugu yake. Safari yake ya Pate ilikuwa Alhamisi, na siku ile ilikuwa Jumanne tu. Lakini mtu aliyekaa miaka bila kufika kwao hufunga mkoba mapema.

Aliyepiga alikuwa Fawaz, muadhini wa msikiti wa mtaani kwao Pate, jirani wa ukuta kwa ukuta na nyumba aliyoiacha mama yake.

"Bi Raihana," akasema, "sema Inna lillahi."

"Kuna nini, Fawaz? Ni nani?"

"Sema kwanza, dada yangu."

Raihana akasema. Akayasema maneno yote polepole, na kabla hajafika mwisho alikuwa amekwisha kujua, maana Pate alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu.

Ndugu yake Swafwan alikuwa amesali alfajiri pamoja na wenzake. Alipotoka msikitini alisema kifua chamkaza, akaenda kujinyoosha kidogo. Ummu, mke wa Fawaz, alipompelekea chai alimkuta amelala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala utotoni.

"Twamzika baada ya Adhuhuri, inshallah," Fawaz akasema. "Tutamwosha, tumkafini, tumweke ndani. Wewe ndoo upesi. Tutakungoja kadiri tuwezavyo, lakini wajua mwenyewe, maiti hacheleweshwi."

"Nataka kumwona uso, Fawaz. Sitaki jingine."

"Ndoo, dada. Ndoo."

Kwao wanawake hawafuati jeneza hadi makaburini. Kuagana kwao ni ndani ya nyumba: sanda hufunguliwa usoni, walio wake wakamtazama, wakamwombea, kisha sanda ikafungwa na wanaume wakaitwa. Asiyeiwahi saa hiyo ameikosa. Raihana alilijua hilo alipokuwa akijifunga buibui, akimwachia bintiye Sumeiya ufunguo na dawa za baba yake. Mumewe, Bwana Mohdhar, alikuwa amepooza upande mmoja kwa kiharusi, na kwa miaka yote hiyo Raihana hakuwa na wa kumwachia hata usiku mmoja. Sumeiya alikuwa amefika kutoka Mombasa juzi ili mama yake apate kwenda kwao.

Gatini akaikuta boti ya Dawud imefungwa, na Dawud mwenyewe ameketi ubavuni akitazama maji.

"Bwana Dawud, nifikishe Pate. Ndugu yangu amefariki."

Dawud akasimama, akasema aliyopaswa kusema, kisha akatikisa kichwa. "Mkondo wa Mkanda haujajaa maji, Bi Raihana. Nikiondoka sasa tutakwama kwenye tope, na huko hutafika wala hutarudi. Ingia ukae. Mai yakitosha tu, nang'oa."

Akaingia, akaketi, mkoba mapajani. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja maji, na katika kungoja huko Swafwan alimjia mzimamzima, akiwa na mashine yake ya kukata nyasi mkononi.

Mashine ile Raihana ndiye aliyempelekea. Swafwan hakuoa tena baada ya kufiwa na mkewe, na hakujaliwa mtoto. Alikuwa amezamia kamba mawe ujana wake wote, mpaka masikio yakakataa na mgongo ukaanza kumsumbua. Alipoacha bahari alijipa kazi mbili ambazo hakutumwa na mtu: kuutunza ua wa nyumba ya mama yao, na kufyeka uwanja wa msikiti pamoja na makaburi. Akafyeka kwa fyekeo mpaka akawa hawezi kuinuka asubuhi bila kushika ukuta. Hapo ndipo Raihana alipomwagiza mtu Mombasa mashine ya kukata nyasi, ile ya mpini mrefu yenye uzi wa nailoni unaozunguka chini, isiyotaka petroli wala waya, betri tu.

Siku ya kwanza Pate nzima ilitoka kutazama. Nyasi zilimrukia machoni, naye hakuwa na miwani ya kazi, basi akaingia ndani akatoka amevaa miwani yake ya kuzamia, ile pana ya mpira, imembana pua na mashavu.

"Swafwan!" mtu akapiga kelele kutoka barazani. "Mai yako wapi?"

"Yuafuata kamba mawe!" akaitikia mwingine. "Bwana, kamba hawako huku, hizo ni nyasi!"

Hata Ummu hakumwacha. Alizoea kuja kuchukua nyasi alizofyeka Swafwan akazifunga matita ya punda wake, na sasa mashine ilizisaga zikawa kama mchicha uliopikwa. "Wewe, mashine yako yamtafunia punda wangu," akamwambia. "Meno yake sasa ni ya nini?" Swafwan akacheka ndani ya miwani mpaka kioo kikaingia ukungu. Tangu siku hiyo aliuacha ukanda wa nyasi upande wa ukuta akaufyeka kwa mkono, kwa ajili ya punda.

Yote hayo Raihana aliyajua kwa sauti. Swafwan alikuwa mvivu wa kuandika, lakini kila jioni alimrekodia ujumbe, naye Raihana aliusikiliza akimlisha mumewe uji. Alijua uzi wa kiwandani ulipokwisha ndugu yake alitia mshipi wa kuvulia, ukakatika kila alipogusa jiwe, na Pate ni mawe matupu. Alijua aligundua mwenyewe kwamba uzi ukilazwa ndani ya kikombe cha maji usiku kucha huwa mlaini na haukatiki ovyo. Alijua pia siku uzi ulipoupiga mwasumini wa mama yao ukaumenya gome, na Swafwan akarekodi kwa sauti ya mtu aliyemuumiza mtoto. Kesho yake alikata chupa za plastiki akauvisha shina, na mkomamanga vilevile. "Dada," akasema, "miti ya mama sasa yavaa viatu."

Lakini jambo lililomfanya Swafwan asemwe Pate nzima lilikuwa betri.

Alikuwa na betri mbili. Nyumbani alikuwa na kisola kidogo, ambacho kujaza betri moja kilihitaji jua la siku mbili, na jua liwe jua kweli. Msikitini kulikuwa na sola kubwa, nayo ilijaza betri kati ya sala na sala. Mtu mwingine angezichaji zote mbili msikitini, na hata Fawaz mwenyewe asingesema neno. Swafwan alikataa. Ile sola ni wakfu, alisema, iliwekwa kwa ajili ya nyumba ya Mungu, na nyasi za mama yangu si nyumba ya Mungu. Betri moja akaifunga kitambaa cha kijani. Hiyo ilichajiwa msikitini, na ilikata uwanja wa msikiti na makaburi, basi. Nyingine ilikuwa ya nyumbani.

Kwa hiyo ua wa mama yao haukupata kukatwa wote kwa siku moja. Betri ya nyumbani ilimfikisha kwenye mkomamanga ikazima. Angengoja jua, siku mbili, tatu ikiwa kuna mawingu, na akirudi kumaliza upande wa pili, wa kwanza umeanza kuota. Betri ya kijani imekaa kwenye dirisha la msikiti imejaa tele, naye ameketi kwenye kizingiti akitazama nusu ya ua.

"Tumia ile ya kijani mara moja tu, Swafwan," Raihana alimwambia. "Mola ni mwenye kusamehe."

"Yuasamehe, dada. Lakini mimi nitakuwa nimekata."

Jana jioni, kwa kuwa Sumeiya amekwisha kufika na dada yake amepata nafasi, alirekodi ujumbe mrefu kuliko wote. Mvua zimekatika, alisema. Uwanja wa msikiti nimeumaliza leo na betri ya kijani sasa ni tupu. Makaburini nitaingia baadaye, nyasi huko zimenifika kifuani. Lakini yetu nimeijaza, nusu moja nimeshaikata, na Jumatano naikata ya pili. Utakuta ua wote mmoja, dada. Safari hii utaukuta wote.

Raihana alikuwa ameusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko alivyotaka Sumeiya ajue.

Maji yakaanza kulamba ngazi za gati. Dawud akasimama kutazama upande wa Mkanda, akasema, "Bado kidogo." Simu ikalia tena. Alikuwa Fawaz, na nyuma yake ilisikika sauti ya jembe likigonga jiwe.

"Bi Raihana, niwie radhi. Nina jambo la kukuuliza."

"Sema."

"Tuko makaburini. Nyasi na magugu yamefunga ndia yote mpaka kwa mama yenu. Vijana wako baharini, tuliobaki ni wazee na fyekeo zetu. Mashine ya Swafwan iko hapa. Betri ya msikiti haina kitu, na leo kuna mawingu, sola haisukumi. Iliyojaa ni ile ya nyumbani. Ile ilikuwa mali yake. Sasa ni mali ya warithi, na mrithi wake wa karibu ni wewe. Siwezi kuigusa bila idhini yako."

Raihana akafumba macho.

"Na nikwambie kweli," Fawaz akaendelea, "nisije nikawa nimekuficha. Kwa mashine, Adhuhuri itatukuta tumemaliza. Kwa mkono, ni Asri. Ukisema hapana hakuna atakayekulaumu. Itakuwa ni udhuru tu."

Asri angewahi. Alilijua hilo kama alivyojua kiganja chake. Neno moja tu, hapana, na angeingia nyumbani kwao, angeketi karibu na kichwa cha ndugu yake, sanda ingefunguliwa, na angemtazama mpaka atosheke. Neno lilikuwa limemfika mdomoni. Hakukuwa na dhambi ndani yake, Fawaz mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango.

Lakini aliyelazwa pale alikuwa Swafwan, aliyeketi miaka yote kando ya betri iliyojaa asiiguse kwa kuwa haikuwa yake. Kumzuia juu ya ardhi mpaka Asri, huku kazi inaweza kwisha Adhuhuri, ili macho ya dada yake yashibe, Raihana aliona hiyo ndiyo chaji isiyo yake.

"Tumieni," akasema.

"Bi Raihana..."

"Tumieni, Fawaz. Nimetoa idhini. Na uzi msiutie mkavu, mtausumbukia. Mwambie Ummu atazame jikoni kwetu, Swafwan huwa anao umelowekwa kwenye kikombe. Na atakayekata avae ile miwani yake."

"Mungu akulipe, dada."

"Usiniongeleshe tena. Nenda."

Akazima simu. Dawud, aliyekuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, alimtazama, akaona heri asiulize. Akashuka kufungua kamba.

Mkanda ulikuwa na maji ya kutosha kwa shida, na mara mbili boti ilisugua mchanga. Mikoko ilipita kulia na kushoto, na Raihana alisoma Yasini kwa moyo, akasahau mahali, akaanza tena. Alijaribu kuukumbuka uso wa ndugu yake ulivyo sasa, akaukuta ni wa miaka ile alipomwacha. Mvi alizoambiwa kuwa ameota hazikuwamo. Adhana ya Adhuhuri iliwakuta hawajafika Mtangawanda, kwenye gati la Pate.

Pale gatini pikipiki moja ilikuwa ikingoja. Ummu alikuwa ameituma. Ilimchukua kwenye ndia ya mchanga mpaka penye nyumba za kwanza, na huko mbele ndia ikawa nyembamba. Akashuka akaenda kwa miguu kati ya kuta za mawe, buibui akilishika kwa mkono mmoja.

Wanaume walikuwa wanatoka msikitini. Walikwisha kumsalia. Jeneza lilikuwa mabegani, limefunikwa kitambaa, na lilikuja upande wake kwa sababu ndia ya makaburini ilikuwa ile ile moja. Ummu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba kumtazamia, alimfikia akamshika mkono, wakaegemea ukuta wote wawili kuwapisha.

Fawaz alikuwa mbele. Alipomwona akapunguza mwendo, na waliobeba wakapunguza nao.

"Tulikungoja mpaka tukaona haya," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kaburi li tayari. Niwie radhi, Bi Raihana."

"Hukunikosea," akasema. "Msimshushe. Nendeni naye."

Hawakumshusha. Walisimama kwa muda wa pumzi chache, naye akainua mkono akauweka juu ya ubao, upande wa kichwa.

"Assalamu alaika, Swafwan," akasema. "Nimekuja. Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako, atukutanishe penye heri. Nimekuwia radhi kwa yote, nawe niwie radhi."

Ummu akasema amina. Wanaume wakasema amina, wakaendelea, wakileta kalima kwa sauti ya pamoja. Raihana akasimama hapo ukutani mpaka wa mwisho wao akapinda kona.

Kisha akaingia nyumbani akaketi na wanawake, akasoma juzuu aliyopewa. Baadaye Fawaz alirudi na udongo mikononi, akamweleza kutoka mlangoni: wamemlaza kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa Kibla, karibu na mama yake, na talkini imesomwa juu ya kaburi. Raihana akauliza kama udongo ulikuwa mkavu au una maji, maana mvua zilikuwa zimekatika majuzi tu. Fawaz akasema ulikuwa mkavu. Raihana akasema alhamdulillahi, na akarudi kwenye kisomo.