Shimo la Yamohin

Huko milima ya Torricelli, nguruwe akila shamba lako una mawili: ukae ulie, au uchimbe. Yamohin hakuwa mtu wa kulia. Enzi za vita babu yake alitega mashimo njia nzima ya bondeni, maadui wakaona heri wapite mtoni, maji kifuani. Yamohin aliisimulia habari hiyo hata kwa wasiomuuliza.

Mwaka huo viazi vikuu vyake vyote vilikuwa vya kumpelekea shemeji yake Saliko, kaka wa mkewe, kwenye karamu, mbele ya kadamnasi. Angeenda na kapu tupu, jina lake lingetafunwa mpaka na wajukuu. Na kila kulipokucha, tuta jingine limefukuliwa.

Basi akachimba penye upenyo wa ua wa shamba, shimo la kumzidi kimo, chini pana kuliko mdomoni ili aliyeingia asipate pa kukwea. Udongo akaubeba mbali kwa makapu, maana nguruwe hunusa udongo mpya. Juu akalaza fito na majani, na kwenye mti wa karibu akafunga fundo la jani jekundu, wanakijiji wajihadhari.

Saliko alikuja kukagua, mikono kiunoni.

"Shemeji, babu yako alikamata wanaume. Wewe utakamata mvua. Chomeka basi hata mianzi iliyochongwa humo chini."

"Mianzi ilikuwa ya watu," Yamohin akajibu. "Huyu nataka nimwone uso akiwa hai."

Mvua ikanyesha kweli. Kila alipopita, Saliko aliuliza kama samaki wameshaanza kuingia, na Yamohin akawa anatafuna tambuu yake, anahesabu matuta yaliyobaki kwa macho.

Asubuhi moja shimo likapiga kelele. Kijiji kizima kikaenda kuchungulia. Ndani alikuwamo nguruwe mnene, mzima, ncha ya sikio la kushoto imekatwa. Watu wakalitazama sikio, kisha wakamtazama Saliko, ambaye miezi yote hiyo alijigamba kwamba nguruwe wake anajinenepea mwenyewe porini, hamgharimu hata gimbi moja.

Yamohin hakupandisha sauti.

"Viazi vyako ulishavipokea, shemeji. Vimo humo shimoni, kavichukue."

Nguruwe akatolewa akachinjwa siku ya karamu, na hakuna aliyeuliza kapu la Yamohin liko wapi. Ila kwao mtu hali nguruwe aliyemfuga, wala hali kilichonaswa na mtego wake. Kwa hiyo wakati kijiji kinajiramba mafuta vidoleni, mashemeji wawili walikaa kando, kila mmoja na gimbi lake la kuchoma, moshi wa nyama ukiwapitia puani.

"Kanona, eh?" Saliko akanong'ona.

"Viazi vyangu vile," Yamohin akasema, akamkatia kipande cha gimbi.