Ngamia Mgonjwa Ndani ya Simu

Juzi nilikuwa soko la mifugo hapa Isiolo. Sikuwa na cha kununua, nilienda kusikia habari za watu. Mama mmoja alikuwa anauza ngamia wake. Mnunuzi ameshataja bei, lori lake linanguruma. Mama, kamba mkononi, akampa shemeji yake simu: "Niangalilie bei ya leo, nisidanganywe."

Siku hizi bei ziko kwenye simu. Unavuta skrini chini kwa kidole, na badala ya kile kiduara cha kuzunguka, wenye programu wamechora ngamia anayetembea mpaka bei mpya zije.

Shemeji akavuta, akakunja uso. "Huyu ngamia ni mgonjwa."

"Bei, shemeji!"

"Ngoja kwanza. Ngamia huinua miguu ya upande mmoja pamoja. Huyu anatembea kama mbuzi."

Akavuta tena. Wazee wakajaa. Mmoja akasema ni nyonga, mwingine akaapa, wallahi ni mwiba. Kila bei zikitokea, kidole kinavuta, ngamia anarudi.

"Mnaniharibia soko!" mama akalia, mkono kichwani.

Lori likaondoka. Mama akarudi nyumbani na ngamia wake, mzima miguu yote minne.

Nyinyi vijana mnaochora, turudishieni kiduara. Kiduara hakina miguu. Wale wazee niliwaacha palepale, wanabishana yule wa simu achomwe chuma cha moto mguu gani ili apone.