Jiko la Mama na Gesi ya Ziwa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu akifanya kazi kule kwenye gesi ya Ziwa Kivu, gesi humwingia kifuani polepole mpaka anajaa kama mpira, na siku akisogelea jiko la makaa, analipuka na kuondoka na mabati ya jirani. Siyo kwamba nilidhani. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza upande wa Rugerero.

Habari hizi nilipewa na wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa Nyamyumba, na mvuvi akikusimulia jambo huku mikono yake inanuka kazi, unaona aibu kumbishia. Tena ushahidi tulikuwa nao mtaani. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi kulekule kwa gesi, mtu mpole, shati lake limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama peke yake. Mtu huyo hakukaribia moto. Kwenye harusi, brosheti, yaani mishikaki, zikianza kugeuzwa, yeye anabeba kiti chake hadi kwenye uzio, na sahani anapelekewa huko kama askari wa zamu. Mtaa mzima uliona, mtaa mzima ukanyamaza kwa heshima. Mama zetu walituambia tumsalimie, ila tusimsalimie tukiwa na kiberiti mfukoni.

Usicheke haraka. Sisi ni watu wa volkano. Huku kwetu na ng'ambo ya mpaka kuna mabonde ambayo mbuzi akishuka harudi, hewa isiyoonekana imemlaza. Mtu aliyekulia kati ya mambo hayo, ukimwambia hewa imeingia ndani ya fundi, atakuuliza tu imeingia kiasi gani.

Basi nikamaliza shule ya jioni. Mchana nilikuwa nachaji simu za watu sokoni, jioni nasomea umeme, na darasani nilisinzia vizuri kiasi kwamba mwalimu alinitumia kama mfano wa saketi iliyokatika. Lakini cheti nilikipata, na mama alikizungusha mtaani mpaka kona zake zikawa laini. Halafu, katika wiki hiyohiyo, kazi mbili zikanijia kwa pamoja, mimi ambaye nilikuwa tayari kumpigia magoti mwenye nusu ya kazi.

Ya kwanza ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama, aliyerudi kutoka Kongo na kufungua ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Kiti kinachozunguka, tai, feni. Ya pili ilikuwa kule kwa gesi, kujifunza kazi chini ya mafundi umeme. Shule ndiyo iliyopeleka majina yetu huko, mimi nisingethubutu. Pande zote mbili zilitaka jibu Jumatatu.

"Donc, mupwa wangu, unafikiri nini tena?" mjomba akaniuliza. "Tuseme unaenda kwa gesi. Utaoa. Bibi atapika wapi, Goma?"

"Kuna watu wanafanya kazi kule na wameoa, mjomba."

"Ile jirani yenu? Uliza bibi yake kama analalaka muzuri."

Nilikuwa nimeshaanza kujifunza kufunga tai pale tulipoitwa kwa gesi, Ijumaa, tukaone kazi yenyewe. Kabla hatujapanda boti walichukua simu zetu na kutuuliza kama tuna viberiti. Moyo ukaniambia: umeona sasa. Njia nzima nilivuta pumzi ndogondogo, za kuonja tu, ili gesi isinizoee. Tulipofika kichwa kilikuwa kinanizunguka, na mhandisi aliyetupokea, mwanamke aliyekulia Tanzania, akanishika mkono akidhani ni mawimbi. Ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia kama maji ya beseni.

Halafu nikaona. Sijui niandikeje. Jukwaa la chuma, kubwa kama kanisa kuu la Nyundo, labda makanisa mawili na shule zake, linaelea. Katikati yake bomba limeshuka gizani, chini kuliko wavu wowote ulikowahi kufika, na ndani ya bomba maji yanapanda.

"Pampu iko wapi?" nikauliza.

"Pampu tuliitumia kuyaanzisha tu," akasema mhandisi. "Sasa yanapanda yenyewe. Gesi iliyomo ndiyo inayoyapandisha, kama soda ukiifungua."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, kaka. Hayaendi kanisani."

Nikaweka kiganja juu ya bomba. Lilikuwa linatetemeka kidogo, kama ubavu wa ng'ombe anayecheua. Akatueleza kwamba gesi inatoka pale inakwenda nchi kavu, inakuwa umeme, umeme unapanda nyaya unakuja mjini. Nikafikiria kile kitundu cha ukutani pale sokoni nilichokuwa nachomekea simu za watu. Maisha yangu yote nilikuwa nimeoga, nimefua na kupiga mbizi juu ya kitu hiki, nikidhani ziwa ni maji. Nikasahau zile pumzi ndogondogo. Nilivuta kubwa, mdomo wazi, na sikuogopa hata kidogo.

"Funga mdomo," mhandisi akaniambia. "Wadudu wa ziwani wanakaribia."

Hofu ilikuwa imenisubiri ufukweni. Mama yangu huchoma mahindi na brosheti kando ya njia ya kwenda ziwani, na kigoda changu kiko karibu na jiko lake. Yeye anageuza, mimi napepea, na hakuna jambo la nyumba yetu ambalo halikuzungumzwa pale. Baba alipofariki, pale ndipo tulipokaa. Kama ningechukua kazi ya gesi, ningekipoteza kigoda kile. Hilo ndilo lililonitesa. Kulipuka kwenyewe nilikuwa nimeshakuzoea.

Jumapili baada ya misa nilikichukua kigoda, nikavuka barabara, nikakaa upande wa pili.

"Unafanya nini kule?" mama akauliza.

"Najaribu kama nitakusikia."

"Mi nakusikia. Na batu bote ba barabara banakusikia."

Nikarudi nikamweleza yote, jukwaa, bomba, na kifua. Hakucheka. Na yeye aliwajua wavuvi wale. Akageuza mahindi, kisha akayageuza tena yaleyale.

"Unaipenda ile kazi?"

"Mama, maji yanapanda yenyewe."

Akayatazama makaa. Kisha akasema, "Bon. Nitaacha makaa. Nitauza avoka. Avoka haiombe moto."

Mama amechoma mahindi pale tangu kabla sijaota meno. Kuna wateja wanaomjua kwa moshi wake kabla hawajamwona uso. Na sasa anaiacha kazi yake, akauze maparachichi, ili mimi nipate yangu, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Nilishindwa kukaa. Nikaenda moja kwa moja kwa jirani.

Nilimkuta uani anapiga viatu brashi. Nikasimama mbali, nikatoa mifuko ya suruali nje aone kwamba sina kiberiti.

"Mukubwa, samahani. Gesi inachukua muda gani kujaa kifuani? Kesho natakiwa kujibu kuhusu ile kazi, na mama anataka kuacha jiko lake kwa sababu yangu."

Akaniangalia, brashi imesimama hewani. "Gesi gani mu kifua?"

"Hiyo inayokufanya ukae kwenye uzio kila harusi."

Akaweka kiatu chini.

"Petit, gesi inapita mu bomba, haipite mu mutu. Mi niko na pumu tangu utoto, moshi inanifunga pumzi. Ambia mama yako achome mahindi yake."