Fitri ya Aliyepewa Mchele

Siku moja kabla ya Idi nilifika kwenye ua wa msikiti mmoja hapa Migori, ambako familia zilizokimbia vita zilikuwa zikigawiwa mchele. Mimi ni Msabato. Nilikuwa nimebeba pakiti mbili za sukari, na simu ya kupigwa picha nikizikabidhi.

Mama mmoja aliyetoroka vita Sudan alipokea gunia lake dogo lakini hakuondoka. Alilifungua palepale, akatoa mkobani gorogoro, ule mkebe tunaopimia mahindi sokoni, akapima mchele mara tatu na kuumimina kwenye beseni mezani.

"Mama, mchele iko na shida?" akauliza mzee aliyekuwa akigawa.

"Hapana. Hii ni fitri. Yangu na ya watoto wangu wawili."

Fitri ni chakula ambacho Mwislamu huwatolea maskini kabla ya swala ya Idi. Mzee akatabasamu, akamsukumia beseni.

"Lakini nyinyi ndio tunasaidia. Hii haikuhusu."

Mama akalirudisha kwa kiganja, polepole.

"Niko na chakula ya leo na ya kesho, kwa hivyo inanihusu. Vita ilichukua nyumba yangu. Hii hamchukui."

Mzee akalivuta beseni upande wake. Mwanamume aliyefuata kwenye foleni akanyoosha mkono.

"Mama, ukimaliza niazime hiyo gorogoro."

Tumezoea kuwaita wapokeaji, tena mbele yao. Sukari yangu niliiacha mezani. Simu haikutoka mfukoni.